Dramu za Shemeji

Jumatatu, 4 Machi

Nimemkosea shemeji yangu. Naanza na hilo ili nisije nikazunguka weee, mwisho nikajikuta nimejitetea.

Leo mchana, alipotoka kwenda kula, nilimwambia Fundi, anayeturekodi studio, anyooshe dramu zake kwenye kompyuta. Kunyoosha ni hivi: pale mpigaji alipochelewa, Fundi anaukamata ule mlio kwenye skrini, anausogeza mpaka ukae panapotakiwa. Pale alipogusa badala ya kupiga, anabandika mlio mzito aliokata mahali pengine. Ukimaliza unasikia mtu anapiga kama mashine, na jina lililoandikwa ni la shemeji.

Fundi alivua hedifoni. "Mwenyewe anajua?"

"Anajua," nikasema.

Kwa hiyo na yeye nimemdanganya. Ni mwanamke asiyecheka ovyo, miwani inaning'inia shingoni, ananiita mzee wakati nimempita miaka michache tu. Alinitazama kidogo, akavaa hedifoni, akaanza kazi.

Wanangu wakija kusoma haya siku moja, wajue habari yenyewe. Sisi ni wanne na tunapiga roki, ile ngumu, ya magita kunguruma, tangu enzi tulipokuwa na nywele. Koo anaimba. Bubu anapiga besi na haongei. Shemeji anapiga dramu, mashabiki wanamwita Nyundo. Mimi ni gita. Shemeji alimuoa dada yangu mwaka tulipotoa albamu ya kwanza. Hii tunayorekodi sasa ni ya tisa, na tulikuwa hatujaingia studio miaka kumi na moja. Watu walidhani tumekufa.

Mkono wa kulia wa shemeji umekuwa mzito tangu mwaka jana. Anakifunga kijiti kwenye vidole kwa utepe ili kisichomoke. Ukimuuliza anasema, "Uzee, shem. Wewe subiri zamu yako." Basi tunacheka, tunaendelea. Nimefanya hivi kwa ajili yake, asiaibike mbele ya watu.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Studio zamani ilikuwa ghala la magodoro, paa ni bati tupu. Ikinyesha, maikrofoni zinasikia mvua tu. Tulikaa tukapiga karata. Shemeji alishinda kwa wizi kama kawaida.

Alhamisi, 7 Machi

Leo tulisikiliza.

Tuna mtindo wetu wa kusikiliza, hatujawahi kuuacha. Wimbo ukikamilika tunalala chini wote wanne, tunafumba macho, Fundi anaupiga kwenye spika kubwa. Ukisikia kosa lako unanyoosha mkono. La kwako tu. La mwenzako unaliacha, hata kama linakukereketa masikio. Anayerekodi anaangalia kupitia kioo, akiuona mkono anasimamisha, na aliyekosea anarudi kupiga. Hakuna maneno. Bendi ngapi tulizoanza nazo zilivunjika kwa kunyoosheana vidole, sisi tupo.

Basi tukalala juu ya vipande vya godoro vilivyobaki. Wimbo ukaanza. Dramu ziliingia kama mlango wa chuma unafungwa. Mimi mwenyewe niliyeagiza nilisisimka mwili. Nikafumbua jicho moja. Shemeji alikuwa chali, mikono yote miwili kifuani, anangoja kosa lake. Anangoja. Halikuja. Bubu aliinua mkono nusu, akausitisha hewani, akaushusha. Alipoinuka alinitazama mimi. Bubu akikutazama huwezi kujua anataka nini.

"Rudia," shemeji akamwambia Fundi. Ukarudiwa. Aliuinua mkono wake wa kulia usoni, akafungua vidole, akafunga, kama mtu amevaa glavu mpya.

"Jamani," akasema, "niliwaficha kitu. Daktari alisema kuna mshipa unabanwa hapa shingoni. Eti nipasuliwe tarehe ishirini na tano, la sivyo vidole vitakufa. Nikalia, nikamwambia dada yenu basi, mume wako kwisha habari. Sasa sikilizeni huo wimbo! Huo ni mkono wa mgonjwa?"

Koo akasema, "Kaka, lakini daktari..."

"Daktari alinigonga na kinyundo cha plastiki! Angenikalisha kwenye dramu. Siendi. Nani anapasua shingo nzima?"

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akanikumbatia mimi, sijui kwa nini mimi, akaniambia sikioni, "Nyimbo zako zimenifufua, shem."

Fundi alikuwa anatuangalia kupitia kioo. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale. Neno moja. Nilimpigapiga mgongoni, nikasema, "Hongera."

Jumamosi, 9 Machi

Nimetengeneza friji mbili za wateja pale karakanani kwangu. Mvua. Sikumpigia shemeji simu.

Jumanne, 12 Machi

Dada alikuja studio na vyakula kwenye mabakuli, akatulisha kama watoto wa shule. Koo alipotaka kuongeza alimpiga mkono na mwiko. "Wewe na hilo tumbo unataka kuimba au kujifungua?"

Akanivuta pembeni, kwenye korido penye mashine mbovu ya maji.

"Mdogo wangu, sijui umemfanyia nini mwenzio. Anaamka anapiga mluzi. Juzi kanibeba! Kanibeba kweli, mwili wangu huu wote."

"Na mambo ya daktari?"

"Ndiyo nataka nikuulize. Mimi roho inasita. Lakini ananiambia twende nikakusikilizishe, mke wangu, masikio hayadanganyi. Amenisikilizisha. Mimi si mjuzi wa makelele yenu, ila hata mimi nimesikia, anapiga kama alivyokuwa anapiga tunachumbiana. Wewe unaonaje? Wewe ndiye unayemjua akiwa kazini."

Swali aliniuliza vizuri kabisa, uso kwa uso. Dada yangu huyu ndiye aliyenilea mama alipokuwa hospitali. Nikamjibu, "Ni mtu mzima, dada. Mwache aamue."

Akashukuru. Akaniachia bakuli la peke yangu.

Ijumaa, 15 Machi

Wimbo wa tatu. Fundi hakuniuliza kitu, alinyoosha. Siku hizi haniiti hata mzee.

Mpiga picha alikuja kupiga picha za jalada. Koo akaleta ile suruali yake ya ngozi. Ilikataa magotini.

"Ivute! Ivute!" Koo anapiga kelele, amelala juu ya meza, mimi na shemeji kila mmoja na mguu wake.

"Bwana, hii suruali inakumbuka mtu mwingine," shemeji akasema.

"Imeruka, imekaa sana kabatini."

"Imeruka? Au wewe ndiyo umeumuka?"

Hata Bubu alicheka, na Bubu akicheka unasikia pua tu. Nikasema moyoni, tazama, tumefurahi, kuna ubaya gani. Halafu nikaona shemeji anauvuta ule mguu wa suruali kwa mkono wa kushoto. Wa kulia alikuwa ameuegemeza tu juu ya ngozi, haushiki kitu.

Jumatano, 20 Machi

Mvua kutwa. Hakuna kitu.

Jumatatu, 25 Machi

Leo ndiyo siku aliyokuwa alazwe.

Alifika studio wa kwanza. Nilimkuta amekaa nyuma ya dramu, taa moja, anajipaka dawa ya misuli vidoleni. Harufu yake ilijaa chumba kizima. Mvua ilikuwa inatwanga bati kwa hiyo tukakaa tu, tunangoja ikatike.

"Dada yako jana kalia," akaniambia. "Nikamwambia utalia nikilala kwenye meza ya daktari sinyanyuki. Si bora hivi?"

Nikamimina chai. Akapokea kikombe kwa mkono wa kulia. Kikombe kikaenda chini moja kwa moja, wala hakikuteleza. Vidole viliachia kama vimeambiwa viachie. Chai ikatapakaa mpaka kwenye kanyagio la dramu kubwa.

Tulikitazama kile kikombe wote wawili.

"Sikio la hiki kikombe bovu," shemeji akasema, akainama kuokota. Aliokota na wa kushoto.

Niliandika mwanzoni kwamba nimefanya hivi asiaibike. Ngoja niandike ukweli, maana karatasi haina pa kunikimbilia. Nyimbo saba kati ya tisa ni zangu. Miaka yote Koo ndiye aliyekuwa anatunga, mimi nasindikiza. Safari hii wamenipa mimi, na nilijua ni mara ya mwisho, hatutarekodi tena. Tuna kiapo chetu cha ujana, mmoja akishindwa wote wanakaa. Shemeji angekwenda kupasuliwa, angekaa nje mwaka mzima, albamu ingekufa na nyimbo zangu zingekufa nayo. Tarehe sikuijua, ni kweli. Lakini mkono niliuona. Nilijua siku akisikia alivyopiga hasa, atasimama aseme basi. Ndiyo maana sikutaka asikie.

Jumanne, 2 Aprili

Nimekwenda kwa shemeji nikiwa nimejiandaa kumwambia. Njia nzima nimepanga maneno. Nikamkuta anacheza na wajukuu, amejifunika shuka, anajifanya dubwana. Wakanirukia. Nikakaa mpaka chakula, nikala, nikaaga.

Alhamisi, 4 Aprili

Wimbo wa mwisho umerekodiwa. Fundi kanyoosha. Kabla hajaanza alisema, "Huu ni mrefu, una uhakika?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Sawa," lakini sawa ile ya mtu anayekufungia mlango.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 11 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Koo alipata wazo tuwaalike mashabiki wa zamani, wachache, waje studio watusikie tukipiga nyimbo mpya kabla albamu haijatoka. Wakaja. Watu wa makamo kama sisi, fulana zetu za zamani zimewabana, mmoja kaja na fimbo ya kutembelea. Wakakaa juu ya magodoro. Jua lilikuwa limetoka, bati linalialia kwa joto. Shemeji alivaa shati lake jekundu la jukwaani. Alikuwa na furaha kupita sisi wote.

Tukaanza wimbo wa kwanza. Alianza vizuri. Kwenye kiitikio cha kwanza nikasikia dramu ndogo inapotea, inarudi, inapotea. Nikageuka. Alikuwa anaukunjia uso mkono wake kama unavyomkunjia uso mtoto anayekuaibisha mbele za wageni. Ule utepe ulikuwa umeshika kijiti, lakini kijiti kilikuwa kinajiburuza tu juu ya ngozi ya dramu. Bubu akapunguza mwendo. Koo akapunguza. Mimi nikaongeza sauti. Hivyo ndivyo nilivyofanya, niliongeza sauti ya gita.

Wimbo wa pili utepe ukakatika. Kijiti kikaruka, kikampiga yule mwenye fimbo begani. Watu wakashangilia, walidhani ni mbwembwe. Shemeji akachukua kingine, kikaanguka. Akachukua kingine. Halafu akaacha kupiga kabisa, akakaa anatazama matoazi.

"Naombeni dakika," akasema.

Dakika ikawa ndefu. Nikamfuata kwenye korido. Alikuwa ameegemea ile mashine ya maji, jasho limemlowesha shati lote.

"Shem," akasema, "mimi nina matatizo."

"Mkono?"

"Mkono!" Akaniinulia usoni. "Mkono mzima huu. Si tumeusikia? Nyimbo tisa, hakuna kosa hata moja, sijawahi kupiga vile tangu nizaliwe. Mkono mzima. Ni hapa." Akajigonga kichwa kwa kiganja, kwa nguvu. "Hapa ndipo palipoharibika. Mkiwa nyinyi peke yenu naweza. Wakija watu siwezi. Kikombe naangusha, kitasa kinanishinda, najiambia shika, haushiki. Mtu mwenye mkono mzima anayeshindwa kushika kikombe ni nani, shem? Si mwendawazimu huyo?"

"Usiseme hivyo."

"Baba yangu aliishia hivyo. Alianza kusahau vidogo vidogo. Usimwambie dada yako."

Alinishika shati. Wa kushoto ulikaza, wa kulia ulining'inia tu kwenye kifungo changu. Nilijua ninachotakiwa kusema, kilikuwa kifupi, hata mtoto angekisema. Koo akachungulia mlangoni akauliza, "Vipi, wazee?" Na mimi, Mungu anione, nilifurahi kwamba amechungulia.

Tuliwaambia wageni spika imeungua.

Jumatatu, 15 Aprili

Dada kapiga simu. Shemeji halali. Kampa dada funguo za gari azifiche, anasema hajiamini barabarani. Jana dada kamkuta bafuni anahesabu kwa sauti kuanzia mia kurudi nyuma, anajipima akili. Anataka kutafutiwa daktari wa kichwa, lakini asiwe wa karibu, watu wasijue.

"Nimemwambia turudi kwa yule wa shingo," dada akasema. "Kaniuliza shingo inahusu nini, si umesikia mwenyewe mkono unavyofanya kazi? Sina cha kumjibu. Mdogo wangu, mbona husemi kitu? Upo?"

"Nipo, dada."

"Basi sema kitu."

Nikasema laini inakatika.

Ijumaa, 19 Aprili

Nilikwenda studio kuchukua amplifaya yangu. Fundi alikuwa peke yake, kompyuta zimezimwa, amekaa anafuta miwani.

"Ulisema anajua," akasema.

Nikaanza kuchomoa waya za amplifaya.

"Siku ile ya wageni nilimwona uso. Mtu anayejua dramu zake zimenyooshwa hashangai vile. Nimekaa siku zote hizi najiambia labda nimeona vibaya." Akavaa miwani. "Mimi nimeshiriki. Nilikuuliza mara moja, ukanijibu, nikaona yaishe. Nilipaswa kumuuliza yeye."

"Kosa ni langu, Fundi."

"Najua ni lako. Silitaki. Ila albamu hii haitoki hapa mpaka yeye ameambiwa. Nikimpigia mimi, atasikia kwa mtu baki, itamuuma mara mbili. Nakupa nafasi uende wewe. Usinichoshe."

Nilikuwa namwona mwanamke mkavu tangu siku ya kwanza. Kumbe kati ya watu wote niliowazunguka, ndiye pekee aliyepoteza usingizi kwa ajili ya shemeji yangu bila kuwa ndugu yake.

Kanipa nyimbo zote kama zilivyopigwa, kabla ya kunyooshwa. Ziko kwenye simu yangu. Sijazifungua.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua kubwa. Bado sijazifungua.

Jumapili, 28 Aprili

Nimesikiliza.

Niliingia kwenye karakana, nikafunga mlango, nikakaa kati ya friji zisizo na milango. Nilitegemea kusikia aibu ya shemeji. Nilikuwa tayari kumsikitikia.

Shemeji anachelewa, ndiyo. Kwenye mistari ya pili anachoka, mapigo yanakuwa mepesi, mengine hayapo kabisa. Lakini sikiliza besi. Kila anapochelewa, Bubu anachelewa naye. Si kwa kubahatisha, kila mara. Anamsubiri kama unavyomsubiri mwenzio mwenye mguu mbaya mkivuka barabara, bila kumwambia kwamba unamsubiri. Na Koo, yule Koo wa suruali, niliyemwona siku zote mtu wa kujipenda, analivuta neno mpaka pumzi inamwishia, ili shemeji afike ndipo aanze jingine. Unaisikia pumzi yenyewe inavyokatika. Mzee wa miaka sitini.

Watatu wale wanatembea pamoja. Ni wimbo mzito, wa polepole, unatisha, mzuri kuliko nilivyoutunga.

Kuna mmoja tu hamsubiri mtu. Gita. Liko mbele, limeshika njia lenyewe, linafika mwisho wa mstari halafu linazubaa pale likingoja wenzake kwa hasira. Nilirudia wimbo wa tatu, wa tano, ule mrefu wa mwisho. Kote ni hivyo hivyo.

Na mimi ndiye niliyemwambia Fundi azinyooshe dramu zilifuate gita. Ikabidi asogeze na besi, asogeze na sauti ya Koo. Bendi nzima imeburuzwa imfikie mtu mmoja.

Jumanne, 30 Aprili

Nilikwenda kwa Koo. Nilimkuta anamwagilia maua na kofia ya mkewe kichwani. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Aliweka ndoo chini.

"Sisi tulijua," akasema.

"Mlijua nini?"

"Mimi nilijisikia naimba mahali ambapo sikuimba. Bubu naye hivyo hivyo, besi yake imehamishwa. Siku ile ya kwanza alitaka kunyoosha mkono, akajiuliza, nanyooshea kosa gani ambalo sikulifanya? Tukasema haya yatakuwa mambo ya nyumbani. Shemeji na shemeji. Wamekubaliana mzee apumzishwe kwa heshima, sisi tunaingilia nini?"

"Hajui kitu, Koo. Anadhani amekuwa kichaa."

Koo alikaa juu ya ukingo wa maua. Kofia ikamshuka machoni, hakuirudisha.

"Kwa hiyo pale korido... nilipochungulia..."

"Ndiyo."

Alisimama ghafla mpaka nikadhani atanipiga. Ningeshukuru. Halafu akasema, "Twende sote. Tukamwambie sote, usiende peke yako."

Ningekubali ningepata pa kujificha, mtu wa tatu kwenye mstari. Nikamwambia, "Mikono ambayo haikunyooshwa ilikuwa mitatu, lakini mdomo uliomwambia Fundi anyooshe ni wangu."

"Basi nenda upesi. Na albamu?"

"Atasema yeye."

"Akisema ichomwe?"

"Tutaichoma."

Alikubali kwa kichwa. Nilipofika getini akaniita. "Wewe. Gita lako tulikuwa tunalisikia linakimbia. Tulikuwa tunakungoja na wewe ugeuke utuone."

Ijumaa, 3 Mei

Dada amekwenda kwa yule daktari wa shingo bila mwenyewe kujua. Kaambiwa vidole viwili vya mwisho huenda vimeshachelewa. Vitatu vilivyobaki vinaokoleka, lakini si kwa kusubiri tena. Daktari ana nafasi Alhamisi ijayo, tarehe tisa. "Sasa nitamfikishaje?" dada akaniuliza. "Hataki kusikia habari za mkono. Kila siku anahesabu tu bafuni."

Vidole viwili. Andika hilo, mwanaume. Viwili hivyo vimeniponyoka mimi.

Jumapili, 5 Mei

Mvua zimepungua. Jua limetoka, watu wameanika magodoro nje mtaa mzima.

Nimempigia dada. Nimemwambia Jumanne, tarehe saba, saa nne asubuhi, nitafika, asitoke, na shemeji asitoke, na wajukuu wapelekwe kwa jirani. Kaniuliza kuna nini. Nikamwambia, dada, kuna kitu nilichowafanyia, nyinyi wote wawili, na utakasirika, na ukasirike. Akasema, "Saa nne. Usichelewe." Sauti yake haikuwa ile ya kuniita mdogo wangu.

Nimemwambia na Fundi siku hiyo hiyo na saa hiyo hiyo, ili nisipokwenda awe na ruhusa ya kwenda yeye saa tano.

Nitakwenda na spika ndogo. Nitapiga wimbo kama alivyoupiga, halafu nitapiga ule tulionyoosha, asikie zote mbili akiwa amekaa, mke wake pembeni. Sitasema nilifanya kwa ajili yake. Sitasema Fundi, sitasema mvua, sitasema haraka ya albamu. Akinifukuza nitakaa nje ya geti mpaka akubali kwenda hospitali na mtu yeyote anayemtaka, hata kama si mimi. Akikubali niwe mimi, Alhamisi alfajiri nitakuwa na gari mlangoni.

Lakini kabla ya spika, kabla hata ya kukaa, kuna la kwanza la kumwambia. Nimekuwa nikilisema peke yangu karakanani tangu asubuhi ili lisinikwame tena: Shemeji, kichwa chako kizima. Ni mkono unaoumwa, na mimi ndiye niliyekuficha.

Jumanne, saa nne.